Barua kwa Mhariri: Nauli 600 sawa, ila mia nne yangu inaishia wapi?

Ndugu Mhariri,

Salamu na poleni na kazi. Mimi ni msomaji wenu wa huku Pongwe, Tanga, nauza vitumbua na chai pale barabarani, gazeti lenu nanunua kwa hela yangu na likishasomwa nyumbani ndo linafungia vitumbua, msininunie, manake hapo linasomwa mara ya pili na mteja huku anakula. Naomba nafasi niseme kitu kuhusu nauli za mjini kwetu, na sio habari ya kupanda, hiyo mmeshaiandika sana, kila zikipanda mnaandika na kila mafuta yakishuka mnauliza mbona nauli haishuki. Mimi nataka niongelee chenji, manake naona wakubwa wanapopanga nauli wanapiga hesabu ya mafuta, tairi, spea, kilometa, sijui na nini, halafu hakuna hata mmoja anayejiuliza hiyo hela abiria ataitoa mfukoni kwa sarafu gani na konda atairudisha kwa sarafu gani.

Tuanzie hapo. LATRA, wale wanaopanga nauli za nchi nzima, walipopandisha nauli Desemba 2023, daladala ya kuanzia sifuri mpaka kilometa 10 ikatoka 500 ikawa 600, na ile ya kilometa 11 mpaka 15 ikatoka 550 ikawa 700, mwanafunzi akabaki na 200 yake. Watu wakalalamika mia moja imeongezeka. Sawa, imeongezeka, lakini angalia kilichotokea kwenye chenji. Nauli ilipokuwa 500 ukitoa buku, yaani elfu moja, konda anakurudishia kitu kimoja tu, ile sarafu ya 500 yenye nyati iliyoanza kutumika 2014, au noti ya mia tano enzi zile bado zipo, kabla Benki Kuu haijaziondoa mwanzoni mwa 2025. Basi, mambo yameisha. Nauli ikiwa 600 ukitoa buku konda anatakiwa akupe 400, na hakuna sarafu ya 400, kwahiyo akutafutie 200 mbili za simba, au 200 na mia mbili zingine za moja moja, na Hiace ikiwa imejaa watu wenye buku mkononi huyo konda anahitaji mfuko mzima wa sarafu kwa tripu moja tu. Anautoa wapi? Hana. Ndo ugomvi unaanza.

Mhariri mimi niliyaona haya kwa macho yangu nilipokuwa nakwenda stendi ya mabasi ya Kange, kwa gari la 600, kumpokea mgeni. Tumekaa siti ya nyuma watu watano tumebanana, kila mmoja kashatoa buku yake, konda kafika kituo cha pili akatuangalia akapiga hesabu kichwani haraka haraka (hawa vijana hesabu wanazijua nyie, wangepewa nafasi wangekuwa wahasibu) akatoa noti moja ya elfu mbili akampa mzee aliyekaa katikati, akasema, "Babu shika hiyo, nyie watano wa nyuma mtagawana." Na kweli ukipiga hesabu ni sawa, mia nne mara watano ni elfu mbili kamili. Sasa tunagawanaje? Yule mzee kashika noti utadhani kapewa mtoto wa watu amshike, hajui amrudishie nani. Dada mmoja alikuwa na mtoto mgonjwa anabadilisha gari aende hospitali ya Bombo, akashuka wa kwanza, akatuangalia, akasema basi yaishe. Kijana mmoja akashuka akidai atamtafuta konda siku nyingine, siku nyingine gani na hilo gari hata namba hajaiangalia. Tulipofika mwisho tumebaki mimi na mzee, na mzee wa watu kwa uaminifu wake akataka tutafute duka tuvunje noti tuwatafute wenzetu, nikamwambia baba yangu wenzetu wameshafika makwao.

Zamani, nauli ikiwa 500, konda alikuwa anawagawisha watu wawili buku moja, na wawili mnaweza mkashuka pamoja mkanunua hata maji mkavunja. Sasa hivi inabidi watano. Na kwetu huku kwenye ruti ya Pongwe ya 700 chenji ni 300, kwahiyo ukitaka noti ilingane mpaka mpatikane watu kumi mpewe elfu tatu. Watu kumi hao ni nusu ya gari jamani, hata mkiunda kikundi cha kukopeshana hamfiki kumi kwa siku moja.

Sasa kabla hamjasema makonda ni wezi ngojeni niseme kitu cha upande wao, manake mimi nawajua, ni wateja wangu. Sarafu za mji huu ninazo mimi. Mimi na mama wa mihogo na kijana wa kahawa na wauza maji na wale wa karanga za kupima. Kitumbua hakinunuliwi kwa elfu kumi, kinanunuliwa kwa sarafu, kwahiyo kila nikifunga kazi nina kopo la maziwa ya unga limejaa mia mia na mia mbili mbili. Na asubuhi sijamaliza hata kuwasha moto wa pili konda kashakuja, "Mama vitumbua nivunjie elfu kumi niingie nayo barabarani." Mimi navunja, sichukui cha juu, ila lazima anunue vitumbua viwili, hiyo ndo riba yangu na hakuna aliyewahi kugoma. Lakini si wote wako kama mimi. Dar es Salaam kwenye vituo vikubwa inajulikana kabisa kuna watu kazi yao ni kuuza chenji, konda anatoa elfu kumi anapewa sarafu za elfu tisa, buku nzima imekwenda, na mtindo huo na huku Tanga umeshaanza kunukia. Sasa konda aliyenunua hela kwa hela, tena kwa hasara, hiyo hasara mnadhani anaipeleka nyumbani kwake? Anaileta kwenye siti ya nyuma. Ile mia ambayo hakukurudishia ndo iliyonunua ile mia aliyomrudishia mwenzio.

Na hii haijaanza na 600. Nauli ya 550 ilikuwepo kwa karatasi tu. Mimi sikumbuki kurudishiwa hamsini na konda, na niseme ukweli hata abiria tulikuwa tunaona aibu kuidai, ukidai hamsini gari zima linageuka kukuangalia, konda anakwambia "mama hamsini tu kweli?", basi unanyamaza, nauli inakuwa 600 bila LATRA kusema. Ndo maana nasema nauli isiyolipika kwa sarafu zilizopo sio nauli ile iliyoandikwa, ni nyingine kabisa, kubwa zaidi, na hiyo tofauti haina mwenyewe, haiingii kwa serikali wala kwa mwenye gari, inapotelea barabarani.

Kuna kichekesho kimoja hapa. Abiria pekee anayepanda daladala na sarafu kamili mkononi, hahitaji chenji, hasumbui mtu, ni mwanafunzi. Ana 200 yake ya simba kaishika tangu nyumbani imeshapata jasho. Na ndo huyo huyo anayeachwa kituoni! Konda analia hana mia mbili, mbele yake wamesimama watoto kumi kila mmoja ana mia mbili, anapiga mlango gari liondoke. Najua sababu, mtoto analipa theluthi ya nauli na anakaa siti nzima, mwenye gari anataka hela yake ya hesabu jioni, hajali kama ulibeba wanafunzi au watu wazima. Najua. Lakini mwanangu wa darasa la sita ameshapigwa fimbo za kuchelewa kwa sababu hiyo na mwalimu haelewi kwanini mtoto wa Pongwe anachelewa kila Jumatatu, namwambia mwalimu njoo usimame kituoni na sare uone.

Halafu wenye Hiace wanalalamika bajaji zinawamaliza. Ni kweli zinawamaliza. Bajaji inaingia mitaani kwenye barabara za namba za Ngamiani ambako daladala haifiki, haisubiri ijae, lakini mimi nawaambia kuna na hili, kile kipande kifupi cha mjini watu wanakaa watatu nyuma, kila mtu jero, mia tano, sarafu moja, unashuka unaondoka, hakuna mtagawana. Mtu anasimama kituoni ana buku, anaona Hiace ya 600 inakuja na bajaji ya 500 inakuja, kwenye Hiace hajui atarudishiwa ngapi, kwenye bajaji anajua. Atapanda nini? Na wale wenye baiskeli zao, si mnajua Tanga baiskeli ni mji wao huu, wazee wanapita na kanzu zao taratibu kando ya barabara hawana habari na konda yeyote.

Haya. Sasa vijana wataniambia mama vitumbua dunia imeshahama, lipa kwa simu. Nilikuwa nasubiri mseme. M-Pesa ipo nchi hii tangu 2008, zikaja na zingine, hata mimi nina lipa namba nimeibandika kwenye meza, vijana wa chuo wakija hawana keshi wanapiga, simu inalia, mambo yamekwisha. Mbona mimi wa vitumbua ninayo na gari la milioni kadhaa halina? Nilimuuliza konda mmoja mteja wangu, akanicheka. Akasema, "Mamkubwa, hiyo lipa namba iwe ya nani?"

Nikakaa nikafikiria nikaona kijana ana akili. Manake gari lina watu watatu. Kuna bosi mwenye gari, anataka hesabu yake jioni, kiasi kile kile kila siku, mvua inyeshe jua liwake. Kuna dereva. Kuna konda, na mara nyingi hata sio konda mwenyewe ni deiwaka kashikia kwa siku moja mwenzake kaenda msibani. Hela inayopatikana kwanza inanunua mafuta, tena kidogo kidogo, wanaweka ya tripu mbili wakipata wanaongeza, halafu inatoka hesabu ya bosi, halafu hela ya kula, halafu kinachobaki ndo mshahara wao wanagawana hapo hapo usiku kabla ya kuachana. Sasa ukilipa kwa simu ya bosi, dereva na konda watanunua mafuta na nini mchana? Ukilipa kwa simu ya dereva, konda atajuaje zimeingia ngapi? Ukilipa kwa ya yule deiwaka, kesho hayupo na line yake haipo. Na kuitoa hiyo hela iwe keshi kuna makato kwa wakala. Kwenye 600 ukikatwa hata kidogo inauma. Na watu bado wanakumbuka ile tozo ya miamala ya Julai 2021, ilipunguzwa Septemba mwaka huo huo lakini ilishawafundisha watu kutoa hela yao yote kwenye simu wakae nayo kwenye kitenge, na mtu akishafundishwa hivyo kumrudisha ni kazi.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa akifanya kazi Nairobi miaka hiyo, aliniambia wenzetu walishajaribu kwa nguvu. Serikali ya Kenya ilitangaza matatu ziache kupokea keshi kuanzia Julai 2014, ikasogezwa mbele ikawa Desemba. Kadi zikatolewa za kila aina, Google yenyewe ile mnayoijua ilishirikiana na Equity Bank wakatoa kadi inaitwa BebaPay, na kadi zingine zikaja, kila moja na mashine yake, ukipanda gari lingine kadi yako haisomi. Mwaka 2015 BebaPay ikafungwa, watu wakaendelea na keshi yao kama hakuna kilichotokea. Haikushindwa kwa sababu Wakenya hawajui simu, hao ndo walioanza M-Pesa 2007 kabla yetu. Ilishindwa kwa sababu konda wa kule anaishi kama konda wa huku, kwa kile kinachobaki mkononi jioni, na ukimwambia mtu hela yake yote ipitie kwa mwingine kwanza halafu ndo apewe, atakwambia mashine mbovu leo.

Kigali wao wamefanikiwa, watu wanagusa kadi mlangoni wanaingia tangu 2015 au 2016 huko. Lakini Kigali kabla ya kadi ruti zilishagawiwa kampuni chache kwa mkataba, dereva ni mwajiriwa wa kampuni, na kadi ikawafuata. Sisi tukianza na kadi kabla ya kumpa dereva ajira tutakuwa tumenunua mashine tu. Hata kile kivuko cha Kigamboni kule Dar watu wanatumia N-Card, inawezekana, lakini pale hela inalipwa getini, sio mkononi mwa konda. Hiace za Tanga kila moja na bosi wake, mwingine yuko Muheza mwingine yuko Oman.

Kwahiyo mtaniuliza unataka nini mama. Mimi sitaki makubwa.

Kwanza LATRA wakikaa tena kupanga nauli, waweke mezani zile sarafu zetu, 50, 100, 200 na 500, na noti ya buku, halafu kila nauli wanayotaka kuitangaza wajaribu kuilipa pale pale mezani na kurudishiana. Kama wao wenyewe wakiwa kumi kwenye meza wanashindwa kurudishiana bila mtu kwenda nje kutafuta chenji, hiyo nauli haifai, wasogeze juu au chini. Mimi naona bora nauli ya 500 kwa kilometa chache zaidi, halafu ngazi inayofuata iruke, kuliko hii ya 600 kwa wote mpaka kilometa 10. Hata ikija kuwa buku kamili siku moja, ambayo naiogopa, angalau itakuwa buku kweli na sio buku iliyojificha ndani ya 600. Najua hapo kuna watu watanitukana, wanitukane.

Pili, sarafu zenyewe. Benki Kuu haina tawi hapa Tanga, iko Dar, Arusha, Dodoma na kwingine, sisi tunategemea mabenki ya kawaida, na ukienda benki ya kawaida na kopo la sarafu teller anakuangalia kana kwamba umemletea mchanga, na konda akienda kuomba sarafu za elfu hamsini anaambiwa hamna. Zipo! Zipo kwenye makopo yetu, zipo kwenye masanduku ya sadaka ya Ijumaa na ya Jumapili, tukizipeleka hazitakiwi, wakizitaka hawazipati. Hivi kweli inashindikana benki moja ikaweka dirisha asubuhi mapema karibu na stendi, siku moja moja za wiki, sisi wa makopo tulete na makonda wachukue, elfu kumi kwa elfu kumi, bila cha juu? Hilo dirisha lingewaua wauza chenji kabla hawajaota mizizi huku kwetu. Riba yangu ya vitumbua viwili nitaikosa, sawa, nitavumilia.

Tatu, Kange. Mgeni anashuka kwenye basi la Dar saa tatu usiku, stendi iko mbali na mjini, daladala zimeshapungua, anazungukwa na boda na bajaji kila mmoja na bei yake, na bei yenyewe inategemea begi lako na lafudhi yako. Sisi wenyeji tunasema buku mbili, hatutoi zaidi, mgeni anatajiwa mara tatu. Huu ndo mji wa waja leo waondoka leo lakini tusimfanye mgeni aondoke usiku huo huo. Kwenye mabasi ya mikoani nauli inajulikana kwa kilometa, daraja la kawaida 48.47 kwa kilometa moja tangu ile Desemba 2023, mpaka senti imeandikwa, na tiketi unapewa ina jina lako. Halafu ukishuka tu pale Kange kilometa zako chache za mwisho hazina bei. Wekeni ubao. Ubao mkubwa, wenye taa, Kange kwenda Chumbageni ngapi, kwenda Raskazone ngapi, kwenda Amboni ngapi, kwa bajaji ya kukodi na kwa kuchangia, na wenye bajaji na boda wenyewe wakae wakubaliane hizo bei kupitia vyama vyao, wasiletewe tu, wakiletewa watazifunika na bango la timu yetu ya Coastal Union.

Kuhusu wanafunzi sina jipya, kila mwaka trafiki wanasimama vituoni wiki mbili shule zikifunguliwa halafu wanaondoka. Ila nawaambia makonda wangu wanaosoma hapa, nyie mnaokuja kwangu saa kumi na moja alfajiri kuvunja elfu kumi, wale watoto wanne mkiwapakia mna mia nane ya sarafu bure, na kwenye ruti yenu ya 600 hiyo ni chenji ya watu wazima wawili, hamjanibembeleza wala hamjala kitumbua. Pigeni hesabu nyie wenyewe.

Na kwa abiria wenzangu, mtu unatoka nyumbani na noti ya elfu kumi unapanda gari la kwanza la asubuhi, unamkabidhi konda ambaye hajapokea hata senti, halafu unamwita mwizi. Nunua hata kiberiti kwanza dukani. Mimi mwenyewe naudhika na watu hao, na wengine ni majirani zangu watajijua humu.

Mwisho nasikia nauli zikitaka kubadilishwa kunakuwa na mkutano wa maoni ya wadau na lile baraza la watumiaji, LATRA CCC, linasemea abiria. Naomba zamu ijayo mmoja wa mikutano hiyo ufanyike hapa Tanga, na waalikwe makonda na watu wa benki, sio mabosi wa magari na wenye tai peke yao. Nitakuja na kopo langu tujaribu hizo nauli mezani. Ila uwe mchana, kuanzia saa sita hivi, manake ukiitishwa asubuhi siji, asubuhi niko kwenye vitumbua.

Wenu,
Mama Vitumbua,
Pongwe, Tanga